Wapangaji wa Earlham Hall

Kuna jengo moja Norwich, kule mashariki ya Uingereza, ambalo nilikuwa naingia na kutoka karibu kila siku kwa mwaka mzima, na miezi ya mwanzo sikujua lolote kuhusu hilo jengo zaidi ya kwamba semina zetu za sheria zinafanyika humo. Linaitwa Earlham Hall. Kempasi nzima ya University of East Anglia ni zege tupu, zege la kijivu kutoka mwanzo hadi mwisho, halafu ukitembea dakika chache tu unaiacha zege nyuma unaingia kwenye bustani kubwa yenye miti mizee, na mbele yako kuna jumba la matofali mekundu limetulia kama mzee aliyekaa barazani. Hapo ndipo tulikuwa tunasomea.

Nimekuwa nikitaka kuandika hii stori muda mrefu kwa sababu kila nikimwelezea mtu kwa mdomo inanikatika katikati, ina watu wengi na mambo mengi, kwa hiyo leo nimekaa niiandike yote.

Nyumba yenyewe ilijengwa 1642 na mtu anaitwa Robert Houghton, ule mwaka ambao vita ya wenyewe kwa wenyewe kati ya mfalme na bunge ilianza. Baadaye ikawa mali ya ukoo wa Bacon, wakaiongeza na kuirembesha kwenye karne ya 18. Hao sitakaa nao sana. Walikuwa matajiri wa ardhi kama matajiri wengine wa ardhi, na kilichonigusa mimi hakikuanza na wenye nyumba, kilianza na wapangaji.

Mwaka 1786 nyumba ilipangishwa kwa familia ya Gurney, John na mkewe Catherine, na watoto wao ambao walikuwa bado wanaongezeka, mwisho wa siku walioishi wakawa 11. Pesa yao ilitoka kwenye biashara ya sufu, na ukoo wao ndio waliokuwa na benki ya Gurney hapo Norwich, benki ambayo miaka mingi baadaye, 1896, iliungana na nyingine kutengeneza Barclays tunayoijua. Yaani hawa watu hawakukosa hela hata kidogo. Lakini hawakuinunua ile nyumba. Walilipa kodi, kizazi baada ya kizazi, mpaka 1912. Hiyo ni miaka 126 ya kupanga! Leo ukitaja Earlham Hall watu wanasema nyumba ya kina Gurney, wenye hati hawatajwi kabisa.

Sasa kuelewa kwa nini nililichukulia hili jambo kwa uzito lazima ujue kwamba kina Gurney walikuwa Waquaker, wale Wakristo ambao wenyewe wanajiita Marafiki. Hawana padri, wanakaa kimya kwenye ibada mpaka mtu asukumwe na Roho kusema kitu, hawaapi kiapo, hawapigani vita. Na kwa sababu hawakuwa waumini wa Kanisa la Anglikana, sheria iliwafungia milango mingi sana, mmojawapo ukiwa mlango wa chuo kikuu. Oxford ulikuwa huandikishwi kuwa mwanafunzi mpaka utie sahihi kwamba unazikubali kanuni 39 za imani ya Kanisa la Uingereza. Cambridge walikuwa wanakuruhusu kusoma ila digrii hupati. Mambo yalianza kulegezwa katikati ya karne ya 19, na vizuizi vingi vya dini vilivyobaki kwenye vyuo vile viliondolewa na sheria ya 1871. Hebu fikiria, watoto wa nyumba ile, waliozungukwa na vitabu, wenye baba mwenye benki, hawakuweza kusoma chuo kikuu cha nchi yao kwa sababu ya jinsi wanavyosali. Mmoja wao, Joseph John, alipelekwa Oxford lakini akasoma kwa mwalimu binafsi, anaishi mji uleule, anasoma vitabu vilevile, na hayumo kwenye daftari la chuo.

Halafu leo nyumba yao ndiyo kitivo cha sheria. Mimi mara ya kwanza kulifahamu hili nilikuwa nimekaa kwenye ngazi nasubiri semina, nikanyamaza muda mrefu.

Basi turudi kwa watoto. Mama yao, Catherine, alikuwa na msimamo kuhusu elimu ya wasichana ambao kwa wakati ule haukuwa wa kawaida, alitaka mabinti zake wajue Kilatini, Kifaransa, hesabu, historia, na wawe pia wanajua kushona na kuendesha nyumba. Alifariki 1792 akaacha watoto wadogo, na dada mkubwa, naye jina lake Catherine, akiwa na miaka 17 hivi ndiye aliyebeba nyumba. Wale mabinti walikuwa saba na walikuwa moto wa kuotea mbali, kuna stori maarufu kwamba walivaa majoho mekundu wakashikana mikono kukata barabara nzima ili kulisimamisha gari la farasi la abiria, kwa raha tu. Waliandika shajara wote, na ukizisoma zile shajara unacheka kwa sababu ni watoto kabisa, Louisa anaandika bila kuficha jinsi ibada ya Jumapili pale Goat Lane, kwenye jumba la ibada la Waquaker, ilivyomchosha. Mwalimu wao wa kuchora alikuwa John Crome, yule ambaye baadaye alianzisha jumuiya ya wachoraji wa Norwich 1803 na kazi zake leo zipo kwenye makumbusho makubwa. Na mwanamfalme William Frederick, mpwa wa mfalme, alipokuwa na jeshi lake Norwich alikuwa anakuja Earlham kucheza nao dansi. Mwanamfalme kwenye nyumba ya Waquaker. Wenye imani kali walinung'unika sana.

Mtoto ninayetaka umkumbuke ni Elizabeth, nyumbani walimwita Betsy, alizaliwa 1780. Alikuwa mtu wa wasiwasi, mgonjwa-mgonjwa, anaogopa giza, na kwenye familia ya watu wenye akili nyepesi yeye ndiye alionekana mzito. Mwezi wa pili mwaka 1798 akaja mhubiri wa Kiquaker kutoka Marekani, William Savery, na Betsy akaenda kumsikiliza akiwa amevaa viatu vya zambarau vyenye kamba nyekundu, msichana wa miaka 17 aliyependeza. Akatoka kule analia. Kuanzia hapo akabadilika taratibu, viatu vya rangi vikaachwa, akaanza kuvaa kofia nyeupe isiyo na pambo lolote, na dada zake waliona kama wamempoteza.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kinachonifanya nimpende. Alianza kumfundisha kusoma mtoto mmoja maskini wa jirani, mmoja akaleta mwenzake, wakawa wengi mpaka akawahamishia kwenye chumba cha kufulia nguo cha Earlham, watoto kwa makumi wamejaa humo, na dada zake wakawapa jina la utani wakawaita vijishetani vya Betsy. Chumba cha kufulia! Karibu miaka 165 kabla chuo kikuu hakijafika pale, kulikuwa tayari na darasa, mwalimu ana miaka 18, hana cheti chochote na hata angetaka hakukuwa na wa kumpa. Nikiulizwa elimu ilianza lini Earlham Hall mimi nitajibu ilianza kwenye kile chumba.

1800 akaolewa na Joseph Fry, akahamia London, akawa Elizabeth Fry, na hilo ndilo jina ambalo dunia inalijua. 1813 aliingia gereza la Newgate kwa mara ya kwanza. Alikuta wanawake karibu 300 na watoto wao wamesongamana, waliohukumiwa na ambao kesi zao hazijasikilizwa wote pamoja, wanapika hapohapo wanalala hapohapo kwenye sakafu, walinzi wenyewe wanaogopa kuingia. Kwa sababu ya kujifungua na misiba ya kwake hakurudi kwa nguvu mpaka mwisho wa 1816, na aliporudi kitu cha kwanza alichoanzisha humo ndani ni nini? Shule ya watoto wa wafungwa. Kilekile cha chumba cha kufulia. Na kabla ya kuanza aliwauliza wale wanawake wanataka nini, wakamchagua mwalimu kutoka miongoni mwao wenyewe, kisha 1817 akaunda chama cha wanawake wa kuwasaidia wafungwa, wakaleta vitambaa vya kushona, kazi, kusoma. 1818 aliitwa kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge, wakati ambapo mwanamke hata kupiga kura hawezi.

Mwaka huohuo kulikuwa na mfungwa anaitwa Harriet Skelton. Alikuwa amefanya kazi ya mtumishi wa ndani, akahukumiwa kunyongwa kwa kosa la kutumia noti bandia. Kipindi kile Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa imetoa noti ndogondogo za pauni 1 na pauni 2 ambazo kuziiga kulikuwa rahisi mno, na badala ya kutengeneza noti ngumu kuigwa, wakawa wananyonga watu. Makosa yaliyoweza kukupeleka kwenye kitanzi nchini Uingereza yalikuwa zaidi ya 200 wakati huo. Elizabeth alihangaika kuomba Harriet asamehewe, hata yule mwanamfalme aliyekuwa anacheza nao dansi Earlham akaingia kusaidia, akafika mpaka kwa Lord Sidmouth, Waziri wa Mambo ya Ndani, na Lord Sidmouth akamkatalia kwa hasira. Harriet akanyongwa mwezi wa nne 1818.

Shikilia hiyo ya noti, nitairudia.

Mtu mwingine wa nyumba ile hakuzaliwa humo. Thomas Fowell Buxton alifika Earlham 1801 kama rafiki wa mmoja wa vijana, ana miaka 15, kijana mrefu sana, shule hapendi, kazi yake bunduki na farasi. Alikuta wasichana wanabishana kuhusu vitabu mezani, akaona aibu ya kutosoma, akakaza, akaenda chuo cha Dublin akatoka na medali. Yeye mwenyewe baadaye alisema kila kitu alichokuja kuwa kilianzia kwenye ile ziara ya Earlham. 1807 akamwoa Hannah Gurney. 1818 akaingia bungeni, na mwanzoni mwa miaka ya 1820 William Wilberforce, ambaye naye aliwahi kuwa mgeni pale Earlham, alikuwa amezeeka na kuchoka, akamwomba Buxton aishike kazi ya kupinga utumwa bungeni. Kuna shemeji yake, Priscilla Gurney, ambaye alipokuwa anakata roho 1821 alimshika mkono akajaribu kumwambia jambo na maneno ya mwisho yaliyosikika yalihusu watumwa. Buxton hakuyasahau maisha yake yote.

Sheria ya kukomesha utumwa ilipita 1833, ikaanza kazi tarehe 1 Agosti 1834. Binti yake Buxton, naye Priscilla, ambaye alikuwa mmoja wa waliokusanya sahihi za wanawake zaidi ya 180,000 kwenye ombi moja kubwa la kutaka utumwa ukome, aliolewa siku hiyohiyo ya tarehe 1 Agosti. Ila nisiipambe hii sheria kupita kiasi maana nimeisoma kifungu kwa kifungu na inauma. Pauni milioni 20 za fidia zilitolewa, na zilikwenda kwa waliowamiliki watu, waliomilikiwa hawakupata hata senti, na deni la mkopo lililotokana na hiyo fidia serikali ya Uingereza ilikuja kulimaliza 2015. Tena waliokombolewa hawakuachiwa moja kwa moja, waliwekwa kwenye kitu kilichoitwa uanagenzi, wamfanyie kazi bwana yuleyule bila malipo kwa masaa mengi ya wiki, mpaka kelele zilipozidi ukafutwa tarehe 1 Agosti 1838. Kusoma haya mambo ukiwa umekaa ndani ya nyumba ambayo baadhi ya hao watu waliongea humo, usiku wanatembea kwenye korido hizihizi, mimi ilinifanya niwe mwangalifu na maneno. Sheria nzuri inaweza kuandikwa na watu wema na bado ikamwibia aliyeonewa. Profesa alituambia tuisome kama wakili wa mtu aliyekombolewa, na ile semina ndiyo semina bora niliyowahi kukaa.

Joseph John, yule wa Oxford nje ya daftari, ndiye aliyebaki Earlham maisha yake yote. Akawa mhubiri, akazunguka magerezani na dada yake Elizabeth 1818 kaskazini mwa Uingereza na Scotland, na kati ya 1837 na 1840 akasafiri Marekani na visiwa vya Karibi kuangalia kwa macho yake watu walioachiwa huru wanaishi vipi. Alifariki 1847. Mwaka huohuo Waquaker wa Richmond, Indiana, walifungua shule ya bweni ambayo 1859 ikawa chuo, wakakiita Earlham College kwa heshima ya nyumba yake. Kwa hiyo jina Earlham lilikuwa kwenye geti la chuo Marekani zaidi ya miaka mia moja kabla halijawa na chuo nyumbani kwake.

Baada ya hapo nyumba ilipoa. Wajukuu wakatawanyika, Gurney wa mwisho akaondoka 1912, na 1925 halmashauri ya jiji la Norwich ikanunua nyumba na bustani, bustani ikafunguliwa kwa watu wote na mpaka leo mtu yeyote anaingia na mbwa wake na watoto wake bila kuulizwa. Kile kipindi majumba kama haya yalikuwa yanakufa Uingereza nzima. Kodi ya urithi iliyoletwa 1894 ilikuwa inapanda na kupanda, watumishi hawapatikani tena, vijana warithi walikufa vitani, paa linavuja, majumba mengi sana yakabomolewa. Yaliyopona mengi yalipona kwa kupata kazi nyingine, na vyuo vikuu vipya vilivyokuja baada ya vita viliokoa kadhaa. Keele ilianza kwenye jumba la ukoo wa Sneyd, York wana Heslington Hall ya 1568, Essex wamejenga kwenye viwanja vya Wivenhoe ambavyo John Constable alivichora 1816.

Norwich nao walikuwa wanaomba chuo kwa miaka mingi na kukataliwa. Walipokubaliwa, jiji likatoa uwanja wake wa gofu uliokuwa pale jirani na bustani, na oktoba 1963 wanafunzi wa kwanza wakaanza, wa Kiingereza na wa baiolojia, wakisomea kwenye mabanda ya muda kando ya barabara ya Earlham wakati mbunifu Denys Lasdun anachora ile zege yake. Uongozi wa chuo uliwekwa Earlham Hall. Yaani chuo kilipokuwa bado ni matope na michoro, kitu pekee ambacho ungeweza kukionyesha kwa kidole ukasema hiki hapa, kilikuwa nyumba ya wale ambao wasingeruhusiwa kusoma. Ofisi zilipohama kwenda kempasi, sheria ikaingia.

Miaka ya 2010 ilifanyiwa ukarabati mkubwa, kwa hiyo usitegemee vumbi na popo, kuna projekta, kuna waifai, kuna joto la kutosha wakati wa baridi. Mimi nashukuru kwamba hawakuifanya makumbusho. Makumbusho unalipa kiingilio, unatembea nyuma ya kamba, unatoka. Sisi tulikuwa tunavuta viti, tunabishana, tunasahau miavuli, kuna mwenzetu alilia kwenye chumba kimoja baada ya kupata majibu ya mtihani na mwingine akafanyia usaili wake wa kazi kwa simu kwenye kingo ya dirisha linalotazama bustani. Nyumba ya wapangaji imepata wapangaji wengine.

Sasa ile noti. Mwaka 2002 Benki Kuu ya Uingereza ilitoa noti mpya ya pauni 5, na nyuma yake ikaweka picha ya Elizabeth Fry akiwa na kofia yake nyeupe, na pembeni anaonekana akiwasomea wafungwa wa Newgate. Benki ileile iliyokuwa inawashtaki kina Harriet Skelton. Iliendelea kutumika mpaka Mei 2017. Mimi niliipata yangu kwa mama mmoja mzee wa Norwich aliyekuwa na vitu vya zamani anavipunguza, akanipa bure nilipomwambia nasoma Earlham Hall, akasema huyo ni msichana wa hapa. Dukani haipokelewi, ukiipeleka Benki Kuu wanakubadilishia, lakini sijaipeleka. Imekaa ndani ya daftari langu la notsi za sheria ya jinai, kwenye ukurasa wenye jina la Harriet.